Zege la Kuzuia Mawimbi: Usianze na Ukuta

Mtu anayejenga chumba cha seva, maabara au kituo cha mawasiliano anaweza kuletewa pendekezo la kuta za zege linalopitisha umeme. Maelezo ya muuzaji huwa mafupi: zege la kawaida huyaacha mawimbi ya sumakuumeme yapite, hili huyazuia, kwa hiyo likimwagwa sakafuni, kutani na darini, vifaa vya ndani vitasalimika hata bomu la nyuklia likilipuliwa angani. Maelezo hayo si ya uongo. Yameacha nusu ya kazi tu, tena ile nusu inayokula fedha, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi hapa.

Zege lenyewe lina historia nzuri. Katika Chuo Kikuu cha Nebraska kilichopo Lincoln, Marekani, wahandisi Christopher Tuan na Lim Nguyen hawakuanza na mabomu. Tuan alikuwa akipambana na barafu. Alitaka zege ambalo ukiliunganisha na umeme linapata joto la kutosha kuyeyusha theluji, ili madaraja yasimwagiwe chumvi inayokula nondo. Mwaka 2002 daraja dogo la Roca Spur, kusini mwa Lincoln, lilijengwa kwa vipande 52 vya zege hilo. Ndani yake mna vipande vyembamba vya chuma na chembe za kaboni, vingi kiasi cha kugusana na kuupitisha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kitu kinachopitisha umeme huyasumbua pia mawimbi, na mwaka 2016 chuo hicho kikatangaza, kwa ushirikiano na kampuni ya American Business Continuity Group, zege la kukinga majengo. Humo sehemu ya kokoto imebadilishwa kwa magnetaiti, jiwe la chuma lenye usumaku, ambalo hufyonza mawimbi. Zege hilo hupulizwa ukutani kwa bomba la shinikizo, kwa hiyo hata jengo la zamani linaweza kuvishwa.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize unajikinga na nini.

Julai 9, 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, jaribio lililoitwa Starfish Prime. Hawaii, umbali wa kilomita 1,400 hivi, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika na ving'ora vya wezi vikalia huku na huku. Mlipuko wa namna hiyo hutuma pigo la sumakuumeme lenye hatua tatu. Ya kwanza hupanda katika sehemu chache za bilioni za sekunde na inaweza kufikia volti 50,000 kwa kila mita. Ya pili hufanana na ile ya radi. Ya tatu ni ya polepole, huchukua dakika kadhaa, na ni ndugu wa dhoruba za jua. Machi 13, 1989 dhoruba ya jua iliuangusha mfumo wa umeme wa Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa kama 9. Hakuna ukuta ambao ungewasaidia. Mikondo ya hatua hiyo huzaliwa katika nyaya za umeme zenye urefu wa mamia ya kilomita na kuingia kwenye transfoma kupitia waya wa erthi. Kwa hiyo zege linahusu hatua ya kwanza, na pia silaha ndogo za mawimbi makali ambazo mtu anaweza kuzielekeza kwenye jengo kutoka ndani ya gari. Ikiwa hofu yako ni dhoruba ya jua, zungumza na wenye gridi, si na mwashi.

Kwetu Afrika Mashariki tishio la kila mwaka ni radi. Kandokando ya Ziwa Viktoria na mashariki mwa Kongo hupiga kwa wingi ulio miongoni mwa ule mkubwa kabisa duniani. Mwezi Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule moja ya msingi nchini Uganda. Kwa radi, jengo linahitaji vinasa juu ya paa, nyaya nene za kushusha mkondo, erthi nzuri, na vidhibiti vya mawimbi ya ghafla kwenye ubao mkuu wa umeme na kwenye mbao ndogo. Ile frijigadi ya sebuleni haitoshi: kazi yake kubwa ni kukata umeme ukipanda au kushuka mno, na radi huwa imeshapita kabla haijaamka. Hospitali au SACCOS yenye bajeti moja tu iitumie huko kwanza. Nimeona watu wakiulizia kuta za ajabu ilhali erthi ya jengo ni kipande cha nondo kilichopigwa kwenye udongo mkavu nyuma ya choo.

Na kama kinachokusukuma ni mnara wa simu uliojengwa jirani, achana na jambo hili. Ukikizingira chumba cha kulala halafu ukaingia na simu yako, simu itapandisha nguvu ya kurusha ili iutafute mnara, na wewe ndiye utakayekuwa karibu nayo.

Tuseme basi unayo sababu ya kweli: kituo cha kuongoza umeme, chumba cha mawasiliano ya dharura, seva zisizoruhusiwa kuzimika. Jifunze kipimo kimoja, desibeli, maana ndicho utakachouziwa. Kila desibeli 20 hupunguza uga wa umeme mara kumi. Desibeli 40 huacha moja ya mia, na 80 huacha moja ya elfu kumi, yaani zile volti 50,000 kwa mita zinabaki 5. Kiwango cha jeshi la Marekani kiitwacho MIL-STD-188-125-1 kinadai desibeli 80 katika mawimbi ya redio ya megahezi 10 na zaidi. Muuzaji akikuambia zege lake linazuia "asilimia 99," usishangilie: ikiwa asilimia hiyo ni ya uga, hizo ni desibeli 40, na ikiwa ni ya nguvu, ni 20 tu.

Muulize pia ni katika masafa yapi. Chukua zege zuri lenye ukinzani wa omu-mita 1, ukuta wa sentimita 30. Wimbi la megahezi 100 likizama humo hubaki na kama theluthi ya uga wake kila baada ya sentimita 5. Ukijumlisha na sehemu iliyorudishwa na uso wa ukuta, unapata desibeli 60 hivi. Ni kazi nzuri. Lakini wimbi la megahezi 1 linahitaji sentimita 50 kupungua kiasi kilekile, kwa hiyo ukuta huo unafyonza desibeli 5 pekee, na msaada unaobaki ni wa uakisi. Kwa jumla unafika kama 35. Ndiyo maana zege peke yake, hata likiwa bora, halifiki 80 huku chini. Wenye kufika hutia ndani ya ukuta wavu wa chuma uliounganishwa kila mahali, na viwili hivyo husaidiana: wavu hushika mawimbi marefu, zege hushika mafupi yanayopenya matundu ya wavu.

Usidhani nondo zako za kawaida zitafanya kazi ya huo wavu. Nondo zilizopangwa kila sentimita 15 huacha tundu linalolingana na nusu ya wimbi la gigahezi 1, na tundu la ukubwa huo ni mlango wazi kwa wimbi hilo. Kwa wimbi la megahezi 10 lenye urefu wa mita 30 nondo zinasaidia, alimradi zigusane kwa uhakika. Waya wa kufungia nondo hushika vizuri kwa ujenzi, ila kutu ikiingia kati ya nondo na nondo muunganiko wa umeme unapotea. Wavu wa BRC uliochomelewa kiwandani ni bora zaidi. Vipande vyake vipandane na kuchomelewa kwenye mapandano, na nondo za ukuta zichomelewe kwenye zile za sakafu na za dari kwa nafasi fupi. Gharama ya welding hii ni ndogo ikifanywa kabla ya kumwaga zege. Baada ya kumwaga, haifanyiki.

Kuhusu mchanganyiko nitakuwa mfupi, kwa kuwa fomula ni mali ya watu na hesabu zake ni za maabara. Vipande vya chuma vikitiwa kwa pupa hujiviringa na kuwa mafundo. Vitiwe kidogokidogo huku mashine ikizunguka. Kuna kiwango ambacho chini yake vipande havigusani na zege linabaki kama la kawaida, na juu yake upitishaji unaruka ghafla. Kwa hiyo fundi anayepunguza "kidogo tu" ili kuokoa fedha anaweza kuwa amefuta kinga yote. Grafiti, yaani kaboni yenyewe, hunywa maji na kulegeza zege, basi vitofali vya kupima nguvu vipondwe siku ya 28 kama kawaida. Mkaa wa jikoni uliotwangwa haufai: mkaa wa tanuri zetu haukuchomwa kwa joto la kutosha kupitisha umeme sawasawa. Tanzania ina grafiti Mahenge, na ina mwamba wa magnetaiti Liganga, Ludewa. Ila kuwepo mlimani si kuwepo dukani, na jiwe hilo la Liganga, lenye titani ndani yake, lazima lipimwe kabla mtu hajalipigia hesabu.

Mambo mawili ya hali ya hewa yetu. Zege bichi lina maji na chumvi zake, nayo hupitisha umeme, kwa hiyo kipimo cha ukinzani kilichochukuliwa siku ya saba kitakupendeza na kukudanganya. Subiri ukuta ukauke, pima tena. Na kwa walioko Mombasa, Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam: kaboni inayogusana na nondo mahali penye unyevu wa chumvi huharakisha kutu ya nondo. Mhandisi aongeze zege la kufunika nondo, apake kizuia maji upande wa nje, na aseme kwa maandishi amefanya nini kuhusu hilo.

Kazi ikisimama jioni na kuendelea kesho, zege la jana na la leo haliungani vizuri kiumeme. Mstari huo mwembamba usioonekana kwa macho unaweza kuvujisha kuliko ukuta mzima. Chumba kidogo kinachomwagwa kwa mkupuo mmoja ni salama kuliko jengo zima linalomwagwa kwa wiki tatu. Hii ni sababu mojawapo ya ushauri ninaousisitiza: usikinge jengo, kinga chumba. Seva, betri, vifaa vya mawasiliano na vipuri vya jenereta viingie humo; ofisi, mapokezi na mgahawa vibaki nje.

Sasa mlango. Ufa wa sentimita 90 chini ya mlango wa chuma, hata uwe mwembamba kama karatasi, huyapitisha mawimbi ya megahezi 167 na kuendelea bila shida, na hata stesheni za FM zinazorusha kwenye megahezi 100 zitaingia karibu zilivyo. Urefu wa ufa ndio unaohesabika, upana wake si kitu. Ukuta wa sentimita 30 wenye mlango wa namna hiyo ni chandarua kilichochanika. Mlango wa kweli wa kinga una vidole vya springi vya shaba pande zote nne, vinavyobana kwenye fremu safi isiyo na rangi, na fremu yenyewe imechomelewa kwenye wavu wa ukutani kuzunguka kote. Huagizwa, ni mzito, ni ghali. Hapo ndipo bajeti yako ianze: bei ya mlango, bei ya vichujio vya umeme, kisha ukuta kwa kinachobaki. Kama kinachobaki hakitoshi, mradi haujaiva.

Baada ya mlango anakuja fundi wa AC. Huyu hana ubaya wowote; amekuja kufanya kazi yake. Anatoboa ukuta kwa drili tundu la milimita 65, anapitisha mabomba mawili ya shaba, mpira wa kutoa maji na waya wa kuiongoza mashine ya nje, anaziba kwa povu, anapaka rangi. Kwa macho pamependeza. Tundu lile lingebaki tupu, katika ukuta mnene unaopitisha umeme, lisingekuwa na madhara makubwa: bomba jembamba na refu huyakataa mawimbi yaliyo mapana kuliko lenyewe. Lakini likipita waya au bomba la chuma katikati yake ambalo halikuunganishwa na ukuta, sheria hiyo inavunjika kabisa. Pigo la nje linaupanda waya na kutembea nao hadi ndani, na sasa umelileta mwenyewe mpaka mezani pa seva. Waya mrefu wa nje unaweza kubeba maelfu ya ampea katika pigo la aina hii.

Basi kila chuma kinachopita kipite mahali pamoja, kwenye bamba la chuma lililochomelewa kwenye wavu. Mabomba ya shaba yaungwe kwa bamba hilo kuzunguka kote. Umeme wa TANESCO au wa Kenya Power uingie kupitia kichujio na kidhibiti cha mawimbi ya ghafla vilivyofungwa kwenye bamba hilohilo. Intaneti iingie kwa fiba isiyo na waya wa chuma ndani yake. Fiba nyingi za kufunga kwenye nguzo zina waya wa kuzishikilia, na ukisahau kuukata nje ya ukuta umepoteza faida yote ya kutumia fiba. Paneli za sola juu ya paa ni antena zenye nyaya ndefu, nazo zipitie vichujio. Bomba la maji la plastiki nalo ni tatizo, kwa kuwa maji yaliyomo hupitisha umeme. Pale ukutani liwe kipande kirefu cha chuma. Hewa iingie kwa paneli ya vijibomba vyembamba vya chuma vilivyoshikamana, urefu wa kila kimoja uwe walau mara tano ya upana wake, na asiwepo wa kupenyeza waya humo.

Kabla ya kukubali yote haya, fikiria kontena. Bandari zetu zimejaa makontena ya chuma yaliyokwisha kazi, na bati lake la milimita 2 hivi linazuia mawimbi kuliko zege lolote la sentimita 30. Udhaifu wake unajulikana: sakafu ni mbao juu ya vyuma vya kukatiza, na milango imezungushiwa mpira usiopitisha umeme. Ng'oa mbao, chomelea bati zima chini bila kuacha nafasi, badilisha mlango kwa wa kinga, weka bamba la kupitishia nyaya. Kisha liweke ndani ya jengo la kawaida au lijengee ukuta wa tofali kuzunguka. Kwa chumba kimoja kidogo sioni kwa nini mtu alipie zege maalumu. Zege hilo lina maana panapohitajika ukubwa, uimara dhidi ya mlipuko au risasi, au pale jengo zima la kale linapotakiwa kuvishwa bila kubomolewa. Na kwa mwenye fedha kidogo zaidi: redio ya akiba, kompyuta yenye nakala na kadi ya kuongozea jenereta ndani ya sanduku la chuma lenye mfuniko unaobana chuma kwa chuma ni kinga halisi.

Watu wa ndani wasisahaulike. Humo simu haitashika, redio ya mlinzi haitasikika, na king'ora cha moto cha bila waya kitakuwa pambo. Weka simu ya mezani kwa njia ya fiba na king'ora cha waya uliochujwa, na mlango ufunguke kutoka ndani bila funguo. Kuta, fremu, rafu na vyuma vyote viungwe kwenye erthi moja, kwa sababu ukuta unaopitisha umeme ukiguswa na waya uliochubuka utakuwa na umeme wote.

Mkataba useme desibeli ngapi, katika masafa yapi, na upimaji ufuate kiwango cha IEEE 299, ambapo antena moja huwekwa nje na nyingine ndani. Usikubali kupimiwa kwa simu. Simu mahali penye mnara wa karibu inaweza kuendelea kushika hata ikipoteza desibeli 50, na mahali penye mnara wa mbali itakatika kwa 20. Kukatika kwake hakuthibitishi lolote. Redio ndogo ya FM ni kipimo kizuri cha bure cha kukagua mwenyewe: izungushe polepole kwenye kingo za mlango uliofungwa, na mahali inapoanza kuongea ndipo panapovuja. Ila hiyo ni ya kutafuta ufa, si ya kulipia.

Kipimo kifanyike mara mbili: kwanza kabla ya plasta na vigae, wakati uvujaji bado unaweza kuchomelewa, kisha baada ya mafundi wa umeme, wa AC na wa mtandao kuondoka wote. Sehemu ya maana ya malipo ya mkandarasi isubiri kipimo hiki cha pili. Chora ramani ya kila kinachopita ukutani na uibandike upande wa ndani wa mlango, na mtu yeyote mwenye drili apate saini ya mhandisi kwanza. Vidole vya mlango visafishwe kwa spiriti na vilivyovunjika vibadilishwe, na mpaka rangi aambiwe kwa kinywa na kwa maandishi kwamba ule ukingo unaong'aa wa fremu haupakwi.